Kosa ni la filamu, si la Sungura

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nitoe maoni yangu kuhusu mchezo mmoja uliobadilishwa katika viwanja vya burudani vya Disney huko Marekani.

Mchezo huo uliitwa Splash Mountain, na ulianza California mwaka 1989. Watu hupanda mashua yenye umbo la gogo, wakapita kati ya masanamu ya wanyama wanaoimba, kisha wakaporomoka majini. Asili yake ni filamu ya Song of the South ya mwaka 1946, ambamo mzee mweusi anawasimulia watoto wa Kizungu hadithi za Sungura, kana kwamba maisha ya watu weusi mashambani yalikuwa raha tupu. Chama cha NAACP kiliilalamikia tangu ilipotoka. Hata James Baskett, aliyeigiza mzee huyo, hakuweza kuhudhuria onyesho la kwanza mjini Atlanta kwa sababu ya ubaguzi wa rangi.

Mwaka 2023 mchezo ulifungwa California na Florida. Mwaka 2024 ulifunguliwa tena ukiwa na Tiana, binti mweusi wa filamu ya mwaka 2009.

Wapo wanaouliza: mzee huyo hakuwamo katika mchezo, na watoto hawakuijua filamu, sasa kulikuwa na ubaya gani? Jibu langu ni kwamba kampuni iliyoona haya kuuza kanda za filamu hiyo Marekani haikustahili kuendelea kuchuma fedha kwa nyimbo zake. Mabadiliko hayo nayaunga mkono.

Lakini Sungura hakutungwa na Disney, wala na Joel Chandler Harris aliyechapa hadithi hizo mwaka 1880. Zilisimuliwa na watumwa, na nyingi zina asili ya Afrika. Sisi tuliolala tukisikia jinsi Sungura alivyomlaghai Fisi tunamfahamu vizuri. Kwa mtumwa, mnyonge kumshinda mwenye nguvu kwa akili halikuwa jambo la kuchekesha tu, lilikuwa tumaini.

Kwa hiyo filamu iachwe, lakini Sungura asitupwe pamoja nayo. Hadithi zake zirudishwe kwa wajukuu wa wale waliozisimulia, wazisimulie kwa sauti yao wenyewe.

Je, wasomaji wenzangu mnasemaje?

Msomaji,
Morogoro.