Nguvu ya Motokaa Hutoka Wapi?

Katika mabweni yetu hakuna mazungumzo yapendwayo kuliko ya motokaa. Utamsikia mmoja akisema kuwa gari la mjomba wake lina tabo, kwa hiyo lapata nguvu za bure. Mwingine atamjibu kwamba tabo ni kitu cha kuharibu injini, na mwenye akili hanunui gari la namna hiyo. Wote wawili husema kwa sauti kubwa, wala hakuna aulizaye tabo ni kitu gani. Mimi naona pande zote mbili zimekosa, na kosa hilo laweza kuwatia wazazi wetu katika hasara. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika gazeti hili la shule.

Kwanza tukumbuke somo la Fizikia. Injini haili petroli peke yake. Ili kilo 1 ya petroli iungue sawasawa, zatakiwa karibu kilo 15 za hewa. Ukipima kwa ujazo, lita 1 ya petroli hutaka karibu lita 9,000 za hewa. Basi kumimina petroli zaidi si kazi kubwa. Kazi ni kupata hewa ya kuiunguza. Pistoni ishukapo huvuta hewa kama kifua cha mtu kivutavyo pumzi, wala haiwezi kuvuta kupita ukubwa wa silinda yake. Mwenye kutaka nguvu zaidi ana njia mbili: atengeneze silinda kubwa zaidi, ama aisindilie hewa katika silinda ndogo.

Supachaja na tabo zote mbili ni pampu za kusindilia hewa. Tofauti yao ni katika kitu kinachozizungusha.

Supachaja huzungushwa na injini yenyewe, kwa ukanda au kwa gia. Aina moja mashuhuri ilianza na ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, ambao mwaka 1860 walipata hati ya kulinda uvumbuzi wao wa mashine ya kupuliza hewa. Mwaka 1885 Mjerumani Gottlieb Daimler naye akapata hati ya njia ya kusukuma hewa ndani ya injini. Uzuri wa supachaja ni kwamba dereva akikanyaga mafuta, nguvu huja papo hapo. Ubaya wake ni kwamba sehemu ya nguvu hizo huliwa na pampu. Ni kama mkulima ampaye ng'ombe wake majani mengi ili alime zaidi, lakini akamtaka ng'ombe huyo huyo ayabebe majani hayo kutoka bondeni.

Tabo ni fikira ya Mswisi, Alfred Büchi, aliyepata hati yake mwaka 1905. Yeye alitazama moshi. Karibu theluthi moja ya nguvu zilizomo katika mafuta hutoka nje na moshi huo, ukiwa bado na joto kali na mbio nyingi. Büchi akauwekea moshi gurudumu lenye mapanga, uligeuze unapopita. Mhimili wa gurudumu hilo waungana na gurudumu la pili, nalo huvuta hewa safi na kuisukuma katika silinda. Tabo ya gari dogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa kuwa hewa ikisindiliwa hupata moto, kama ncha ya pampu ya baiskeli ipatavyo moto tunapojaza upepo, magari mengi huwekewa kipoza hewa kati ya tabo na injini.

Je, hizo ni nguvu za bure? La. Moshi unapozuiwa na gurudumu, pistoni hufanya kazi zaidi kidogo ya kuusukuma nje. Tena dereva akikanyaga mafuta, hungoja kidogo mpaka gurudumu lishike mbio. Lakini bei hiyo ni ndogo kuliko ya supachaja, maana tabo huokota kilichokuwa kikitupwa.

Kwa mtu adhaniye kwamba tabo ni pambo tu, nitaeleza jaribio la mwaka 1918. Mmarekani Sanford Moss wa kampuni ya General Electric aliipeleka injini ya ndege, aina ya Liberty, juu ya mlima Pikes Peak katika jimbo la Colorado, mahali penye kimo cha mita 4,300 hivi. Injini hiyo ilikuwa na nguvu za farasi 350 usawa wa bahari. Kule juu, kwa sababu hewa ni nyepesi, ilibaki na 230. Ilipofungiwa tabo ikatoa 356. Injini ni ile ile, mafuta ni yale yale. Kilichoongezeka ni pumzi.

Sasa na tutazame barabara zetu. Lori litokalo Dar es Salaam huanza safari usawa wa bahari, likapanda Kitonga, na likifika Mbeya limefika kimo cha mita 1,700 hivi. Hapo hewa imepungua uzito kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu mahali pale pale inapozihitaji. Kwa hiyo mimi sikubaliani na wasemao tabo haifai. Kwa nchi yenye milima kama yetu, yafaa sana.

Lakini yadai matunzo. Mhimili wa tabo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikiwa chafu au pungufu, mhimili huliwa. Chujio la hewa likitoboka, vumbi la barabara hukata mapanga kama msasa. Gari likitoka kupanda mlima kwa nguvu, kisha dereva akaizima injini mara moja, oili husimama katika joto kali na kugeuka masizi. Yafaa aiache ingurume taratibu dakika moja au mbili. Na vijana wachokozi wanaoongeza msukumo wa hewa kupita kipimo cha kiwandani hutafuta kupasua pistoni.

Hata Wamarekani walijifunza jambo hili. Mwaka 1962 gari la Oldsmobile Jetfire lilitolewa na tabo, na tangi dogo la maji yaliyochanganywa na spiriti ili mafuta yasilipuke kabla ya wakati wake. Wenye magari wengi hawakujali kulijaza tangi hilo. Baadaye baadhi yao walitolewa tabo wakawekewa kabureta ya kawaida. Ufundi ulikuwa umetangulia, maarifa ya watumiaji yakabaki nyuma.

Jambo kama hilo laweza kutupata. Mzazi auza ng'ombe au mazao ya msimu mzima anunue gari la mtumba kutoka Japani, na kwa sababu ya kuchelewa kubadili oili, apoteza fedha nyingi kuliko bei ya oili ya mwaka mzima. Kisha husemwa, “Tabo ni mbaya.” Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi ninalo ombi kwa waalimu wetu na kwa wazazi wetu. Itafutwe injini kuukuu yenye tabo, iliyokwisha kazi, ikatwe ubavu na kuwekwa katika chumba cha sayansi, ili tuone kwa macho njia ya hewa, njia ya moshi na njia ya oili. Gharama yake si kubwa, na faida yake itakwenda nyumbani pamoja nasi wakati wa likizo. Wengi wetu tutakuwa madereva, mafundi, au wenye magari, na wengine tutapanda mabasi yapitayo milimani. Ni heri tujue leo kinachotupandisha mlima, kuliko kujifunza kesho gari likiwa limezimika njiani nasi tumesimama kando yake na mizigo.