Kisiwa kimeweza. Likasi inangoja nani?

Wakaaji wa Likasi, vijana wenzetu wa Kikula, Panda, Shituru na komini ya Likasi,

Kamata simu yako, andika Jadotville, lile jina la kikoloni la mji wetu, halafu tafuta filamu. Utapata moja inayojulikana dunia nzima: The Siege of Jadotville, iliyotoka Netflix mwaka 2016. Inaeleza vita vya Septemba 1961, wakati askari zaidi ya 150 wa Ireland, waliokuja na kofia za ONU, walizingirwa hapa hapa kwetu siku tano mpaka maji na risasi vikawaishia. Aliyeiongoza ni mtu wa Ireland. Ilipigwa Afrika Kusini. Ile milima unayoona si milima yetu, na ule udongo si udongo wetu. Ukimtoa Tshombe, Wakatanga mule ndani ni kundi la kukimbia na kuanguka. Kamanda wao anayeongea ni Mfaransa.

Tuendelee. Shinkolobwe iko mlangoni petu. Uraniamu iliyochimbwa kule na mikono ya babu zetu ndiyo iliwapa Wamarekani sehemu kubwa ya mali ya kutengeneza bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 2023 ikatoka filamu Oppenheimer juu ya ule utengenezaji. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 900, na Machi 2024 ikabeba Oscar saba. Saa tatu nzima za filamu, na Shinkolobwe haitajwi.

Hatuandiki tangazo hili ili kulia juu ya wageni. Mtu wa Ireland ana haki ya kueleza askari wa kwao, na Mmarekani ana haki ya kueleza mwanasayansi wa kwao. Kila mtu anapika chungu chake. Swali letu linawahusu watu wa hapa: chungu chetu kiko wapi, na nani amekaa juu ya mfuniko?

Munajua namna inavyokuwa. Watu wa kamera wanafika na magari mawili, wanataka picha za wachimbaji wa mikono, za watoto, za vumbi. Wanauliza vijana wenye diplome wanaosema Kifaransa na Kiswahili. Wanne kati yetu walitumika hivyo siku sita. Walitafuta watu wa kuongea, walitafsiri, waliomba ruhusa kwa chefu wa mtaa, walionyesha barabara ambazo hazimo kwenye karta. Walipouliza kama wanaweza kukaa pembeni ya mpiga kamera ili wajifunze, jibu lilikuwa: "Nyinyi mutatuonyesha njia tu, basi." Malipo yakawa chakula, transporti na merci. Majina yao hayakuandikwa popote. Na mkubwa wa hapa aliyeleta wale wageni, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, yeye alijua bei ya kazi ile na alinyamaza.

Kuna wanaotuambia: "Batoto, sinema ni ya inchi tajiri. Likasi iko mbali." Basi tuwaonyeshe kisiwa kisicho na shaba wala kobalti.

Zanzibar imekaa ndani ya maji ya Bahari ya Hindi na inaishi kwa karafuu na watalii. Tangu mwaka 1998 iko na tamasha lake la kimataifa la filamu, ZIFF, tamasha la nchi za jahazi. Kila mwaka, ndani ya Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe, watu wanakaa chini ya nyota na kutazama filamu za Afrika na za ukingo wote wa bahari ile. Kwa miaka mingi aliyekaa kwenye kiti cha mkurugenzi ni Martin Mhando, Mtanzania aliyekuwa ameshaongoza filamu yake Mama Tumaini mwaka 1986 na kufundisha chuo kikuu Australia. Filamu ya kwanza ambayo Tanzania ilipeleka kushindania Oscar, Maangamizi ya mwaka 2001, aliiongoza yeye pamoja na Ron Mulvihill. Kwa hiyo hawakuweka pale mtu wa kukata utepe. Waliweka fundi.

Sasa angalieni kilichofuata. Kijana mmoja wa Dar es Salaam, Amil Shivji, alianza na filamu fupi. Shoeshine ya mwaka 2013 ilipita ZIFF. T-Junction ya mwaka 2017 ilipita ZIFF. Mwaka 2021 akatoa Vuta N'kuvute, aliyoitoa ndani ya riwaya ya Adam Shafi, mwandishi wa Zanzibar. Ni habari ya Yasmin, binti aliyekimbia ndoa, na Denge, kijana anayepigana na Waingereza katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Iliigizwa kwa Kiswahili, ikapigwa kule kule kisiwani, na mwimbaji Siti Amina wa Zanzibar anaigiza mule ndani. Ilionyeshwa Toronto Septemba 2021, na mwaka 2022 Tanzania ikaichagua iiwakilishe kwenye Oscar.

Mumeona mstari? Mzee aliyejua kazi alishika mlango wazi, kijana akapita na kazi ndogo, akarudi na kazi kubwa. Kati ya tamasha la kwanza na Toronto ni miaka 23. Ndivyo sinema inavyojengwa: watu wenye uzoefu wanaongoza, na wale wale wanasaidia. Ukiwa na mkubwa anayeongoza bila kusaidia, uko na chefu tu. Ukiwa na anayesaidia bila kuongoza, uko na wale wanne wetu waliolipwa sahani ya bukari.

Hatutaki kuwauzia paradizo. Zanzibar iko na matatizo yake. Majestic, jumba la sinema lililojengwa upya miaka ya 1950 baada ya kuungua, limefungwa na kuchakaa. Tamasha linahitaji wafadhili, na feza nyingine zinatoka nje. Tena Shivji si mzaliwa wa kisiwa, na yule Mhando pia ni mtu wa bara. Wapinzani wetu watakamata hapo: "Munaona? Hata kule si watu wa kule." Tunawajibu hivi. Sisi hatuulizi ni nani amezaliwa avenyu gani; maneno ya nani ni mtu wa hapa na nani si wa hapa, Likasi tumeyalipia sana miaka ya 1992 na 1993, na hatutayarudilia. Tunauliza vitu vitatu: nani anaamua, kazi inafanyika kwa luga gani, na ujuzi unabaki wapi gari likiondoka. Vuta N'kuvute inajibu yote matatu. Zile picha za migodi yetu hazijibu hata kimoja.

Wengine watasema Congo haina watu wa kazi hii. Ni uongo, na tuko na majina.

Mwaka 2010, Kinshasa, Djo Tunda Wa Munga alitoa Viva Riva!, filamu yake mwenyewe. Mwaka ule ule alisimamia Congo in Four Acts, kazi fupi za vijana waliokuwa wanaanza. Kati ya wale vijana alikuwa mtoto wa Kisangani aliyeacha masomo ya udaktari, Dieudo Hamadi. Miaka 10 baadaye, filamu yake En route pour le milliard, juu ya walemavu wa vita vya siku sita vya Kisangani, ikachaguliwa Cannes. Ni mambo yale yale ya Zanzibar: mlango, kijana, miaka 10. Goma, Petna Ndaliko Katondolo alijenga Yole!Africa, na vijana wanajifunza kamera mule hata vita vikizunguka mji. Lubumbashi, kilomita 120 tu kutoka hapa, Sammy Baloji na wenzake walianzisha Picha, na tangu mwaka 2008 wanafanya maonyesho ya picha na sanaa yanayoleta dunia Katanga.

Na kabla ya hao wote, nani hajui Mufwankolo? Kundi lile la Lubumbashi lilicheza kwa Kiswahili chetu, si kile cha vitabu, kwenye radio na televizio kwa makumi ya miaka. Mwaka 1986 mwalimu wa chuo kikuu Johannes Fabian alikaa nao akatazama namna wanavyotengeneza mchezo mzima kutoka methali moja juu ya utawala, na mwaka 1990 akatoa kitabu kizima juu ya ile kazi. Mgeni aliona kwamba ni ujuzi. Sisi tuliita vichekesho vya jioni.

Hapa Likasi pia wako. Kuna wapiga video wa harusi na matanga wanaojua kuangaza nyumba nzima kwa taa moja wakati SNEL imekata. Kuna mafundi wazee wa radio na televizio. Kuna waongozaji wa michezo ya paroasi, wanaosimamisha watu 40 jukwaani bila hata franka. Kuna walimu wanaojua historia ya 1961 kwa kusimuliwa na baba zao. Uzoefu tuko nao. Haujakusanywa, haujalipwa, na haujaamriwa kufundisha.

Bakubwa wetu, hapa tunawaambia kwa heshima, lakini tunawaambia. Wengi wenu mumeficha kazi kama siri ya familia. Kijana akija kuuliza, munamtuma kununua unite. Munaogopa atawachukulia wateja. Soko la harusi ni dogo, tunaelewa woga. Lakini mukifa na ule ujuzi, wateja watabaki na nani? Watabaki na lile gari kutoka nje.

Sasa tuongee feza, juu ndiyo watakayotuuliza.

Kodi ya migodi, ile royalti, sheria ya migodi ya mwaka 2018 iliigawa hivi: asilimia 50 serikali kuu, asilimia 25 jimbo, asilimia 15 mji, komini au sekta ambamo mgodi uko, na asilimia 10 mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Sheria ile ile inalazimisha sosiete za migodi kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji. Na sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inasema kazi ambazo sosiete kubwa zinawagawia wengine, yaani sutretansi, ni za kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Kila sosiete ya migodi inatengeneza video: video ya kisima walichochimba, video ya shule waliyopaka rangi. Zile video ni kazi. Kama sheria inafuatwa, ni kazi yetu.

Tunajua watakuja na neno lao la siku zote: "Kwanza barabara, kwanza maji." Ndiyo, barabara na maji. Sisi ndio tunaobeba mabidoni. Lakini asilimia 15 imekuwa inaingia, na barabara haijafika, na hatujaona nani ameiandika wala kuipiga picha. Mji usio na watu wa kueleza mambo yake unaibiwa mara mbili: kwanza mali, halafu ushuda. Vijana wenye kamera na kazi ya kulipwa ni wale watakaoonyesha barabara imeishia wapi. Labda ndiyo sababu bakubwa fulani hawana haraka.

Kwa hiyo tunadai:

1. Meya wa Likasi na wakubwa wa komini zote nne watangaze mbele ya wakaaji feza za royalti walizopokea na walichozifanyia, na sehemu ya zile feza itengeneze jumba moja la mji liwe pa kuonyesha filamu na kufundishia.

2. Sosiete za migodi zinazotumika hapa ziwape vikundi vya Likasi kazi za video, kwa mkataba ulioandikwa, na majina ya waliofanya kazi yaonekane.

3. Kila kundi la kutoka nje linalopewa ruhusa ya kupiga picha mjini likubali vijana wa hapa kama wanafunzi wa kamera, wa sauti na wa kuunganisha picha, wakilipwa, na liache nakala ya kazi mjini.

4. Bakubwa wenye uzoefu wakae pamoja, wachague wenyewe anayejua kazi, si anayejua gavana, aongoze mafunzo. Kila mmoja achukue vijana wawili.

Na sisi hatungoji majibu huku tumekunja mikono. Tunaanza kurekodi wazee waliokuwa hapa Septemba 1961, mtaa kwa mtaa, kwa simu tulizo nazo. Wale waliokuwa na miaka 15 wakati ule wamepita 75 leo. Kila matanga tunapoteza filamu moja.

Uko na simu inayorekodi, babu au bibi anayekumbuka, au ujuzi wa kazi hii? Tuandikie hapa chini, useme komini yako. Bakubwa, na nyinyi muandike. Viti vya mbele tumewawekea nyinyi, kwa sharti moja: mufundishe.

Vijana wa Likasi