Kadi ya mhadhiri inamhusu nani?

Makamanda, leo tuwaongelee wahadhiri wetu.

Kuna kauli tumeizoea vyuoni: "Mtumishi wa umma haruhusiwi siasa." Wanafunzi wengi wanaiamini, wahadhiri wengi wanaiogopa. Sasa fungua Katiba ya 1977, Ibara ya 147. Waliokatazwa kujiunga na chama wametajwa pale: askari wa Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza na JKT. Mhadhiri hayumo. Hata kanuni za maadili ya utumishi wa umma zinakubali kwamba mtumishi anaweza kushiriki siasa. Zinachokataza ni kufanya siasa saa za kazi au eneo la kazi, na kumbagua mtu kwa itikadi yake.

Hapo hatuna ugomvi. Mwalimu akipiga kampeni darasani, hata awe wa kwetu, amekosea. Akisahihisha mtihani kwa kuangalia kadi ya mwanafunzi, achukuliwe hatua.

Shida inaanza mhadhiri anapopata uongozi kwenye chama. Mkumbukeni marehemu Profesa Mwesiga Baregu wa UDSM. Kuelekea uchaguzi wa 2010 serikali ilikataa aongezewe mkataba, hoja ikiwa ujumbe wake wa Kamati Kuu ya Chadema. Haikuwa kwamba hajui kufundisha. Akaenda SAUT, chuo binafsi. Halafu mwaka 2012 Rais Kikwete, ambaye serikali yake ndiyo ilimnyima mkataba, akamteua kwenye Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Yaani anafaa kuisaidia nchi kuandika Katiba, ila hafai kufundisha vijana wa nchi hiyohiyo!

Januari 2016 Kikwete mwenyewe akateuliwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwa bado Mwenyekiti wa CCM. Uenyekiti aliukabidhi Julai. Najua mtasema ukuu wa chuo ni cheo cha heshima, siyo ajira. Sawa. Lakini kama uongozi wa chama unachafua chuo, mbona huo haukuchafua?

Anayeumia zaidi ni mhadhiri kijana mwenye mkataba wa muda. Akiona profesa mzima kaondoka, yeye atathubutu? Atanyamaza, hata kwenye mjadala wa Katiba ambao ni fani yake. Na sisi tunaobaki darasani tunafundishwa siasa na mtu anayeogopa kutaja siasa za nchi yake.

Tunachodai ni kidogo tu. Mhadhiri apimwe kwa mwenendo wake kazini, siyo kwa kadi yake. Iandikwe wazi ni cheo gani cha chama kinagongana na kazi gani, na iwahusu wa kijani kama inavyowahusu wengine. Anayenyimwa mkataba apewe sababu kwa maandishi na awe na pa kukata rufaa.

Na wewe, mwalimu wako akikuambia "mimi siasa siruhusiwi", msomee Ibara ya 147. Taratibu, kwa heshima.