Vifaa Tunavyo

Hakuna maneno mawili yaliyoidhuru elimu ya sayansi hapa petu kuliko haya: "Hatuna vifaa." Mwalimu humwambia mkuu wake, mkuu humwambia mkaguzi, mkaguzi huandika katika ripoti. Mwanafunzi naye hutoka skuli na daftari lililojaa habari za bakteria wa udongo bila ya kuwahi kuwaotesha hata mara moja. Nimesomesha walimu kwa miaka mingi, na nathubutu kusema kuwa katika jambo hili maneno hayo si kweli.

Jambo lenyewe ni kutayarisha chakula cha kukuzia bakteria. Yatakiwa maji, kitu cha kuwalisha, kitu cha kugandisha, na moto wa kuulia vijidudu tusivyovitaka. Kinachotajwa siku zote kuwa hakipo ni hicho cha kugandisha, yaani agari. Mkuu wa skuli huagiza kopo la unga kutoka ng'ambo, halafu hukaa akalingoja. Niliwahi kuiona skuli moja, sitaitaja, ambayo kopo lililetwa, likafungiwa kabatini lisije likaharibiwa na wanafunzi, likakaa humo mpaka unga ukagandamana kama jiwe.

Na tuulizane, hiyo agari ilifikaje maabara? Mwaka 1881 Daktari Walther Hesse alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch mjini Berlin. Koch alikuwa akikuzia bakteria juu ya vipande vya viazi, kisha juu ya jelatini. Lakini jelatini huyeyuka katika joto la digrii 28 hivi, na bakteria wengine huila ikawa maji. Mkewe Hesse, Fanny Angelina, ndiye aliyetoa shauri la kutumia agari, kwa kuwa akiitumia jikoni kwa vitamutamu vyake, na alifunzwa na jirani aliyewahi kuishi Java. Agari huyeyuka maji yakikaribia kuchemka, na ikishaganda haiyeyuki tena kwa joto la mchana. Koch aliitaja mwaka 1882 alipotangaza bakteria wa kifua kikuu, lakini jina la bibi yule hakulitaja.

Basi agari ilitoka jikoni, tena jiko la nchi ya joto kama yetu. Jelatini ya Berlin isingefaa Unguja hata siku moja, kwani hapa ingekuwa mchuzi kabla ya saa sita. Na agari hiyo hiyo sisi tunaila. Nendeni Darajani mkaulize chainagrasi, zile nyuzi nyeupe kavu za kupikia faluda mwezi wa Ramadhani. Hiyo ndiyo agari. Mwalimu anayefuturu kwa faluda jioni, na asubuhi akaandika kuwa agari haipatikani, hana kisingizio. Achague tu ile isiyotiwa sukari wala rangi.

Hapa nawasahihisha na wale wanaowaambia watoto kuwa agari ni ule mwani wa Paje na Jambiani. Mwani unaolimwa pwani ya mashariki tangu mwaka 1989 hutoa karajini, ambayo ni kitu chengine, ijapokuwa nayo hugandisha. Agari hutoka katika mwani wa jamii nyengine. Kuwapa watoto fahari isiyo ya kweli si uzalendo.

Kazi yenyewe ni hii. Chemsha kilo moja ya udongo wa shamba kwa lita moja ya maji, uache utuame, uchuje kwa kitambaa. Ongeza mchuzi kidogo wa nyama isiyo mafuta, mwepesi, bila ya chumvi, ndimu wala viungo. Tia gramu 15 za chainagrasi kwa kila lita, uchemshe mpaka iyeyuke yote. Mimina katika chupa pana za jamu zenye mifuniko, uzipike ndani ya sufuria ya presha kwa dakika 20. Sufuria nzuri hukaribia digrii 121, ambalo ndilo joto la mtambo wa hospitali. Zikipoa kidogo zilaze ubavu zigande.

Kisha chukua gramu 1 ya udongo, uitikise katika mililita 9 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Mililita 1 ya maji hayo itie katika mililita 9 nyengine, na uendelee hivyo mpaka mara 5. Mililita 1 ya mwisho itandaze juu ya chakula. Baada ya siku chache yataota madoa, na kila doa ni ukoo wa bakteria. Yakiwa 60, mwanafunzi atazidisha kwa 100,000 na kupata milioni 6 katika gramu moja. Na hapo mwalimu amwambie ukweli wote, kwamba hao ni wachache tu, kwani walio wengi hawakubali chakula chetu.

Wako watakaosema kuwa hiyo si kazi ya kitaalamu. Nawajibu kuwa utaalamu hauko katika kopo. Uko katika ile chupa moja isiyotiwa udongo, inayowekwa pamoja na nyengine. Ikiota kitu, kazi yote imechafuka na hapana budi ianzwe upya. Mtoto aliyeiona chupa hiyo amejifunza kutojidanganya, na somo hilo halinukuliwi ubaoni.

Wengine watasema ni hatari. Hao wana haki ya kusikilizwa. Basi chupa zifungwe kwa utepe zisifunguliwe tena. Ziwekwe kivulini katika joto la chumba, zisitiwe katika joto la mwili. Udongo usichukuliwe karibu na choo wala zizi, na mwisho wa kazi chupa zipikwe tena kwa presha kabla ya kumwagwa. Hatari hujibiwa kwa uangalifu. Kuliacha somo si jibu.

Tunachopoteza si kidogo. Ile harufu ya ardhi mvua za masika zinapoanza hutokana na bakteria wa udongo. Katika jamaa zao ndimo ilimopatikana streptomaisini mwaka 1943, dawa ya kwanza ya sindano iliyowafaa wagonjwa wa kifua kikuu. Kijana wa Unguja anaweza kulinganisha udongo wa kinongo na wa kichanga. Anaweza kutia tone la mafuta ya karafuu juu ya chakula akatazama kama bakteria watalikaribia. Tumeiuza karafuu hiyo zaidi ya karne nzima, na ni wanafunzi wangapi walioipa mtihani huo?

Mtumai cha nduguye hufa maskini. Vyuo vya ualimu visimpe cheti mwalimu wa bayolojia mpaka apike chakula hiki kwa mikono yake, mbele ya wenzake, kwa vitu vya dukani. Asiyeweza, kosa si la Wizara wala la wafadhili. Aambiwe kuwa bado hajahitimu.