Magofu ya Nalanda Yatufunza Nini?



Watu wengi waendao kuzuru magofu ya Nalanda, katika jimbo la Bihar huko Bara Hindi, hurudi na masikitiko. Husema, "Hapa palikuwa na chuo kikubwa, kikachomwa moto, na sasa yamebaki matofali tu." Kusikitika si vibaya. Lakini mtu akiishia hapo, mimi nasema hajaizuru Nalanda, ameyaona matofali yake tu. Magofu yale yana neno la kutuambia sisi tulio shuleni sasa, na ninyi kaka zetu mliokwisha kutoka.

Kwanza tupatazame mahali penyewe. Nalanda ilianzishwa katika karne ya 5, wakati wa wafalme wa ukoo wa Gupta, ikawa makao ya watawa wa dini ya Budha na mahali pa elimu kwa muda wa miaka 700 hivi. Leo mgeni hupita katika njia pana iliyo kati ya safu mbili za majengo ya matofali mekundu: upande mmoja mabweni ya watawa, upande wa pili mahekalu. Wachimbaji waliofanya kazi tangu 1915 mpaka 1937 walifukua mabweni 11 na mahekalu 6. Kila bweni lina ua katikati, na vyumba vidogo vimeuzunguka. Mna visima, mna mifereji ya kutoa maji machafu, na kutani mna vishubaka vya kuwekea taa. Mtu aliyepata kulala bwenini hahitaji kuelezwa vyumba vile vilikuwa vya kazi gani. Hekalu kubwa lenye ngazi ndefu lilijengwa mara 7, jipya juu ya kuukuu.

Habari za maisha ya humo tumezipata hasa kwa mtawa wa Kichina, Xuanzang, aliyefika katika karne ya 7. Yeye aeleza kwamba mlangoni palikuwa na mtaalamu aliyewauliza wageni maswali magumu, na katika kila watu 10, saba au wanane walirudi walikotoka. Waliokubaliwa hawakufundishwa dini yao tu. Walisoma sarufi, mantiki, utabibu, na hata Veda, vitabu vya watu wasiokuwa wa imani yao. Xuanzang mwenyewe alikaa miguuni pa Silabhadra, mwalimu mzee sana, akasoma kwa miaka.

Sasa tuje kwenye ule moto. Ni kweli kwamba karibu na mwaka 1200 majeshi ya Bakhtiyar Khalji yaliingia Bihar, na vyuo vya nchi ile vikapata hasara kubwa. Mwandishi wa historia wa karne ya 13, Minhaj-i-Siraj, asimulia jinsi askari hao walivyoteka ngome moja, ambayo wataalamu wengi hudhani ilikuwa Odantapuri, chuo jirani cha Nalanda. Walikuta humo vitabu vingi. Wakatafuta mtu wa kuwaeleza yaliyoandikwa, wasimpate, kwa sababu wenyeji walikuwa wamekwisha uawa. Likumbukeni jambo hilo: vitabu vilikuwapo, lakini hapakuwa na wa kuvisoma.

Miaka zaidi ya 30 baadaye alifika Nalanda kijana wa Tibet, jina lake Dharmasvamin. Alikuta majengo mengi yameharibika. Lakini alimkuta pia mwalimu mmoja, Rahula Shribhadra, mzee aliyepita miaka 90, akiwafundisha sarufi wanafunzi wapatao 70. Siku moja zikaja habari kwamba askari wako njiani. Wanafunzi wakakimbia. Mzee akamwambia Dharmasvamin naye ajiokoe, lakini kijana hakukubali. Alimbeba mwalimu wake mgongoni, wakajificha hekaluni mpaka askari walipoondoka.

Basi nawauliza ninyi: katika mahali hapo pawili, shule ilikuwa wapi? Ilikuwa penye vitabu vingi visivyo na msomaji, au ilikuwa mgongoni mwa kijana yule? Mimi nasema ilikuwa mgongoni. Shule ni mtu anayejua, na mtu anayetaka kujua, na ile kazi ya kupokezana iliyo kati yao.

Najua wengine watanijibu kwamba kusema hivi ni rahisi, lakini mwanafunzi hawezi kusoma na njaa, wala kuandika chini ya mvua. Wana haki, na Nalanda yenyewe yawashuhudia. Xuanzang aandika kwamba mapato ya vijiji 100 yalitengwa kwa ajili ya chuo, na kila siku wenyeji walileta mchele, maziwa na siagi, ili wanafunzi wasihangaike kuomba. Katika karne ya 9 mfalme Balaputradeva, aliyetawala ng'ambo ya bahari upande wa Sumatra, alijenga bweni huko. Kwa hiyo siyadharau mabati wala mchango wa mtu. Ninalosema ni kwamba vitu hivyo ni watumishi wa elimu, navyo havikuweza kujilinda vyenyewe.

Tazameni kilichopona. Xuanzang aliporudi kwao mwaka 645 alichukua vitabu 657, kisha akatumia maisha yake yote yaliyobaki kuvifasiri, hata akamaliza vipatavyo 75. Watu wa Tibet nao walifasiri vingi kwa lugha yao. Mengi yaliyofundishwa Nalanda yasomwa hata leo kwa sababu wanafunzi waliyachukua wakaenda nayo mbali. Tena kuna ajabu nyingine. Watu wa nje walikuwa wamesahau hata mahali chuo kilipokuwa. Katika mwaka 1861 na 1862 Alexander Cunningham alipatambua, karibu na kijiji cha Bargaon, kwa kufuata maelezo ya safari ya Xuanzang. Mwanafunzi aliyekufa zaidi ya miaka 1,100 nyuma ndiye aliyeionyesha dunia shule yake ilipokuwa!

Kizuri kula na nduguyo, wahenga walisema. Lakini sisi twafanyaje? Mtihani ukikaribia, wako wanaoficha madaftari yao chini ya godoro ili mwenzao asiwapite. Mtu wa namna hiyo anajichomea maktaba yake mwenyewe, kwa kuwa alichokificha atakisahau kabla ya mwaka kwisha, na hatakuwapo wa kumkumbusha. Ninyi kaka zetu nanyi, mnapokuja kututembelea, mwatazama paa na rangi ya kuta, kisha mwatoa fedha. Twashukuru sana. Lakini twaomba na jambo moja zaidi: kaeni nasi darasani saa moja, mtufundishe lile mlilolijua baada ya kuondoka hapa. Fedha yaweza kutumwa kwa posta, lakini hilo lataka mtu mwenyewe.

Serikali ya India ilitunga sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu kipya cha Nalanda mwaka 2010, masomo yakaanza 2014, na majengo yake mapya yakafunguliwa 2024 huko Rajgir, si mbali na magofu. Nakitakia heri. Atakayekizuru baada ya miaka mingi asiulize majengo yake yalikuwa makubwa kiasi gani. Na aulize wanafunzi wake walitoka na nini, na walimpa nani.