Tuache kusoma vichwa vya watu

Vijana wenzangu, hii tabia ituishe. Mtu mgeni anafika kwenye foleni ya maji, hajasema hata jina lake, tayari watu wananong'ona: cheki pua, cheki paji la uso, huyu ni wa wale.

Mchezo huu tuliletewa. Mwaka 1907 na 1908 Jan Czekanowski alipita Rwanda na msafara wa Wajerumani, akipima watu na kukusanya mamia ya mafuvu, yakaenda Berlin. Burundi nayo ilikuwa chini ya Wajerumani hao hao. Hesabu ya wapimaji wa wakati ule ilikuwa nyepesi: upana wa kichwa, gawanya kwa urefu wake, zidisha kwa 100. Wakoloni wakawapa watu vyeo: Watutsi watawala wa asili, Wahutu wa jembe, Watwa chini kabisa. Wabelgiji wakaendeleza.

Hesabu hiyo hiyo hupimia mbwa. Haya, tuwatazame mbwa. Fuvu la mbwa wa uso bapa na la mbwa wa polisi yametofautiana kuliko mafuvu yoyote mawili ya watu wazima wenye afya, na bado wote ni mbwa, wanazaa pamoja. Tofauti yenyewe imetengenezwa na binadamu, waliochagua dume gani apande jike gani.

Sisi wa Bukirasazi nani alituchagulia? Kilima kimoja, Kirundi kimoja, watu wanaoana. Mtoto anahesabiwa upande wa baba, lakini pua anaweza kuirithi kwa bibi mzaa mama. Rula itasoma nini hapo?

Mwaka 2023 taasisi inayotunza mafuvu yale Berlin ilitoa matokeo ya kuchunguza zaidi ya 1,100. Zaidi ya 900 yalitoka Rwanda. Kwa machache ya Tanzania, DNA iliwapata ndugu walio hai. Miaka zaidi ya 100 yaliitwa mali ya sayansi, kumbe ni babu za watu, wanasubiriwa nyumbani.

Na nyie wa mashirika, msitukisie kwa sura. Ukitaka kujua mtu anamwogopa nani, muulize faragha, na mkalimani awe yule aliyemkubali yeye mwenyewe.

Mwaka 1993 kwetu na 1994 Rwanda, kuna waliouawa kwa sababu mtu alitazama pua akakata shauri. Anayenong'ona kwenye foleni leo anaifanya nusu ya kwanza ya kazi ile. Tumkataze hapo hapo, hata kama ni rafiki yetu.