Ukuta Ndio Uwe Mweupe, Si Wewe

Nasema hivi, na najua kuna watu wa studio watanijazia meseji za hasira: picha ya viza ya kupakia mtandaoni ipige nyumbani, na simu hiyo hiyo uliyonayo mkononi. Hela utaokoa, sawa, lakini si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni kuwa siku hizi ukimkabidhi mtu uso wako, haurudi ule ule.

Kuna dada mmoja wa mtaani kwetu anaomba viza ya masomo ya Marekani. Alipiga picha kwenye kibanda kimoja hapa karibu na Feri, jina silitaji. Akanitumia nimpunguzie ukubwa wa faili. Walahi nilimpigia simu kumuuliza huyu ni nani. Ngozi imevutwa juu mpaka inakaribia rangi ya maziwa ya chai, kidoa cha shavuni alichozaliwa nacho kimefutwa, mashavu laini kama sanamu ya dukani. Nyuma wamembandikia weupe wa kompyuta, na ukingo wa hijabu umekatwa vibaya kama kazi ya mtoto na mkasi. Mia tatu hiyo! Kuvuka feri kwa miguu ni bure, angeenda zake Likoni akapigwa na upepo akarudi na uso wake.

Na hakuomba. Hilo ndilo la kukasirisha. Ni mazoea tu: mteja mweusi akiketi, kitufe cha kung'arisha kishabonyezwa.

Sasa someni masharti wenyewe, hayajafichwa. Marekani wanataka picha ya mraba, piksel 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200, faili ya JPEG isiyozidi kilobaiti 240. Kichwa, kuanzia kidevu hadi utosini, kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya urefu wa picha. Iwe ya miezi 6 ya karibuni. Miwani vua, walishaikataza tangu Novemba 2016. Hijabu ya dini ruhusa, bora uso wote uonekane na isiutie kivuli. Na wamesema wazi: usiibadilishe picha kwa kompyuta, usitie filta. Mandharinyuma yawe meupe au karibu na meupe. Ukuta ndio uwe mweupe, bana, si wewe. Kwa hiyo yule wa kibanda alilipwa kuvunja sharti ambalo mteja alikwenda kwake ili alitimize.

Ukuta mweupe Mombasa utakosaje? Mji wa Kale nusu ya nyumba zimepigwa chokaa. Kwenu hakuna, tundika shuka jeupe lililopigwa pasi. Simama ukitazama dirisha asubuhi, mwanga ukujie usoni sawasawa pande zote mbili, na uuache ukuta kama hatua mbili nyuma yako ili kivuli kisikufuate. Mwenzako ashike simu usawa wa macho yako, arudi nyuma kama mita moja na nusu, atumie kamera ya nyuma. Selfi hapana, simu ikiwa karibu hivyo pua inakuwa ya mtu mwingine. Vaa rangi iliyokoza, maana hijabu nyeupe kwenye ukuta mweupe utabaki uso unaoelea. Halafu ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime ile hali ya urembo. Simu nyingi zinakuja ikiwa imewashwa tayari, yaani yule wa kibanda tunatembea naye mfukoni. Ukituma WhatsApp, itume kama faili, ukituma kama picha inabanwa na kupoteza ubora.

Kuna atakayenijia na hoja moja nzito, na naiheshimu: "Mashine hazituoni sisi weusi, ndiyo maana tunang'arishwa." Ni kweli mashine zina kasoro. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia kwa uso. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yalifika asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hayakuzidi 0.8. Uingereza mwaka 2019, kijana Joshua Bada alipakia picha ya pasipoti, mfumo ukamwambia amefungua mdomo. Mdomo ulikuwa umefungwa. Ni midomo yake tu, kama yangu, kama yako.

Lakini Bada hakuipunguza midomo yake. Alijieleza, na kisa chake kikatoka kwenye habari. Sisi twajifuta wenyewe kabla hatujakataliwa na mtu. Na weusi ukikosekana kwenye picha dawa yake ni mwanga wakati wa kupiga. Kumwaga weupe baadaye hakurudishi macho wala nyusi zilizozama kwenye giza. Tena waenda kuhojiwa Nairobi, safari ya usiku kucha kwenye basi, ukae mbele ya ofisa mwenye picha ya mtu asiyekuwa wewe. Ukikataliwa, ada ya dola 185 hairudi.

Sichukii studio. Mombasa hii miaka ya 60 ilikuwa na N. V. Parekh, mpiga picha ambaye kazi zake zimeingia kwenye maonyesho ng'ambo, na watu walikwenda kwake wajipambe wapendeze. Hiyo ni haki yako. Picha ya arusi rembesha utakavyo. Ya viza ni ushahidi.

Na kazi ya kibanda bado ipo. Viza za Schengen wataka karatasi, milimita 35 kwa 45, na printa ya maana nyumbani huna. Peleka faili yako, simama nyuma ya kiti chake, mwambie, "Kaka, chapisha tu, uso usiguse." Wa Uingereza hata msihangaike, kwa kawaida wanakupiga wenyewe siku ya kutoa alama za vidole.

Yule dada tumempiga tena, dirishani kwao, mara nne mpaka ikakubali. Kidoa kipo. Anasema mamake kaiomba hiyo picha aiweke sebuleni, ile ya kibanda hakuiomba.